Kaa Chini ya Mchanga

Kila ninapokinga maji bombani, nikayaona yakijaa ndoo meupe na matupu, namshukuru Mungu, kisha nayachungulia. Ni mazoea ya mtu aliyelelewa na korongo la mchanga. Natafuta kitu kinachotembea ndani yake. Nisipokiona moyo hautulii mara moja, ingawa najua maji ya bomba ndivyo yanavyopaswa kuwa.

Kijiji chetu kilikuwa chini ya mteremko wa Iramba, mahali ambapo ukipanda mlima na kuendelea unafika Ulemo, na ukiambaa na miamba unaelekea Sekenke kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu. Kilikuwa kijiji kipya cha Ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama wanafunzi wa asubuhi, na udongo wa kuta ulikuwa bado unanuka ubichi. Baadhi yetu tulikuwa Wanyaturu ambao wazazi wetu walitoka pande za Ikungi. Wengine walikuwa Wanyiramba wa pale pale, ambao hawakuhamia kijijini bali kijiji kiliwahamia wao. Nyumbani kila mtu alisema lugha ya mama yake. Kisimani na mkutanoni tulikutana kwa Kiswahili, kila mmoja na kipande alichonacho.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, msichana bado, na viongozi wa kijiji waliniomba nifundishe kisomo cha watu wazima kila alasiri katika banda la kanisa. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi.

Mkubwa kuliko wote darasani alikuwa Bibi. Nyumba yake ilikuwa pale kabla ya kijiji, ukingoni kabisa mwa korongo, na walipopima mistari ikaonekana imeangukia mahali pake, wakamwacha. Watoto wake wote alikuwa amewazika. Kiswahili alikianza uzeeni, darasani kwangu, naye alikipenda kama mtu anayependa tunda la msimu.

Siku tulipofika herufi K niliwaomba kila mmoja ataje kitu cha hapa hapa kinachoanza kwa sauti hiyo. Wakataja kuku, kuni, kibuyu. Bibi akafungua ncha ya kanga yake. Ndani, juu ya jani bichi, palikuwa na mnyama mdogo wa kahawia, mwenye magando mawili, aliyemtoa korongoni. Akataja jina lake kwa Kinyiramba.

"Kwa Kiswahili huyo ni kaa," nikasema, nikaandika ubaoni: KAA.

Nyuma ya darasa alikuwako mwanamume mmoja mcheshi, mwenzetu wa Kinyaturu, ambaye siku nyingine alikwenda Sekenke kuchekecha mchanga kutafuta punje za dhahabu. Akanyosha mkono.

"Mwalimu, hapo umetuandikia jina au umetuamuru?"

"Nimeandika jina la mnyama."

"Maana sisi tumeshakaa. Ukitaka tusimame utaleta mnyama gani?"

Darasa lilicheka, na mke wake, aliyeketi upande wa akina mama, alimrushia kipande cha chaki. Bibi hakuwa ameelewa. Walipomweleza kwamba kwa Kiswahili kumwita yule mnyama ni sawa na kumwambia mtu aketi, alicheka mpaka akajifuta machozi. Tangu siku ile ikawa salamu yao wawili. Yule mwanamume akipita alisema, "Shikamoo. Bibi, kaa!" Naye alijibu, "Marahaba. Kaa wewe!" na yule bwana alichuchumaa hapo hapo njiani na mzigo wake kichwani, wapita njia wakacheka.

Siku ya mafuriko jua lilikuwa likiwaka. Tuliliona wingu, lakini lilikuwa mbali, juu ya mlima, nasi tuliokuwa chini hatukupata hata tone. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu, na katikati yake palikuwa na vishimo vyetu vya maji. Ukichimba kwa mikono mpaka kiwiko kizame, maji hujikusanya polepole, masafi, na ndani yake huogelea vidudu vidogo. Sisi wageni tulivichuja kwa kitambaa. Bibi alivipuliza tu pembeni kwa mdomo, kama mtu anayepoza uji, akanywa.

Nilikuwa nimejaza debe langu na kulipandisha ukingoni. Mke wa yule mcheshi alikuwa karibu nami akifunga kata yake ya kujitwika. Bibi alikuwa bado chini, ameinamia kishimo chake na kibuyu mkononi, akaganda hivyo. Nami nilikuwa nimeona, muda mfupi tu kabla, jambo ambalo sikulipa maana. Maji ya kishimo changu yalikuwa yamepanda yenyewe, na vidudu havikuwamo tena. Kando ya jiwe kubwa, ambako kaa mmoja alizoea kujitokeza mlangoni pake kama mzee anayeota jua, hapakuwa na kitu.

"Kaa chini!" Bibi alipiga kelele. "Kaa chini! Kaa chini!"

Yule mwanamume alikuwa anavuka akitoka ng'ambo, na mfuko wa mchanga begani na makatambuga yake ya tairi miguuni. Akasikia mchezo wao. Akatua mfuko, akaketi juu ya mchanga katikati ya korongo, miguu ameinyosha, mikono juu ya magoti kama mtoto wa shule.

"Nimekaa, Bibi! Leo darasa limehamia mtoni?"

"Inuka wewe, watu wanakutazama," mke wake alisema, akicheka.

Bibi alikuwa ameanza kupanda ukingo huku akipunga kibuyu. Kiswahili kilimwisha, akapiga kelele kwa Kinyiramba, maneno yakifukuzana, na yule bwana akaweka kiganja nyuma ya sikio kuonyesha kwamba hasikii. Ndipo tuliposikia. Haikuwa sauti ya maji. Ilikuwa kama lori la mahindi linaloteremka bila breki, kisha mawe yakigongana, kisha hewa baridi ikatupiga usoni. Ukuta wa kahawia ukajitokeza kwenye kona, umebeba magogo. Nilimwona akijiinua. Nilimwona amefika goti moja. Halafu pale alipokuwa palikuwa na maji, na juu ya maji jua lilikuwa bado linawaka.

Wanaume walimtafuta wakifuata korongo mpaka linapopotelea kwenye mbuga. Hawakumpata. Korongo lilijaa kwa siku chache, likapungua, likarudi kuwa mchanga. Lakini ulikuwa mchanga mwingine. Kona zilikuwa zimehama. Mahali pa vishimo vyetu palikuwa pametandikwa laini kama shuka, bila hata alama ya mguu wa ndege.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Aliyeyaanza ni kaka mkubwa wa aliyepotea, mtu mwenye uchungu wa kweli, wala sikumlaumu wakati ule wala leo. "Wote mlisikia," aliwaambia watu dukani. "Alimwambia akae chini, akakaa, maji yakaja. Na jua linawaka! Nani kati yenu amewahi kuona mto unajaa juani?"

Bibi mwenyewe alizidisha. Kila asubuhi alishuka korongoni, akasimama karibu na lile jiwe kubwa, jiwe pekee ambalo mafuriko hayakulihamisha. Alilala kifudifudi, akaweka sikio mchangani. Akina mama walipokuja na madebe kutaka kuchimba vishimo vipya aliwazuia kwa mikono miwili.

"Maji bado," alisema. "Kaa chini. Kaa chini ya mchanga. Bado panda."

Walirudi mbio. Kijijini habari ilifika hivi: kizee yule anaongea na marehemu. Anamwamuru aendelee kukaa chini ya mchanga, asipande.

Watoto wakakatazwa kumwamkia. Asubuhi moja tulikuta miiba imerundikwa mlangoni pake, na kila mtu wa kwetu anajua maana ya miiba mlangoni: mwenye nyumba ni mchawi, aondoke. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kikao cha Jumapili baada ya ibada, waamue kama Bibi ataendelea kuishi pale au aondoke. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilijua. Kizee anayefukuzwa na neno kama lile mgongoni hafiki mbali. Neno humtangulia katika kila kijiji.

Nilimweleza baba kwamba neno lile nilimfundisha mimi na nilijua alimaanisha mnyama. Lakini nilimweleza pia kwamba nilipomwona amelaza sikio mchangani, akinong'ona, nami mwili ulinisisimka na nikaondoka bila kumwita.

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakuacha kuchonga. "Nenda kamsikilize," alisema. "Mtu asihukumiwe kwa lugha ambayo si yake."

Nikaenda mchana kweupe, nikiomba njia nzima. Nilimkuta kando ya jiwe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu." Macho yake yalikuwa yamevimba. Alinishika mkono akaniketisha.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Hapakuwa na chura, wala nzi, wala kile kinachovuma majanini ambacho hukisikii mpaka siku kinapokosekana. Nilifunua mawe madogo. Chini yake palikuwa pasafi kama sahani iliyooshwa. Kila kitu kilichowahi kuishi pale kilikuwa kimeondolewa, nami nilikuwa nimeketi juu ya mahali pale, na mahali penyewe palikuwa na baridi.

"Wamekufa wote, Bibi?"

Akatikisa kichwa. Akapitisha kiganja hewani kwa kasi, akielekea mbugani. "Maji juu, mbio." Akakishusha mpaka mchangani, akakisogeza taratibu mno, kama anayempapasa mtoto usingizini. "Maji chini, pole pole." Akanitazama kuona kama nimeelewa. "Chini ya mto, mto."

Nyuma ya jiwe, upande ambao maji hayakulipiga, alikuwa amechimba kishimo chembamba. Alinikunjia mkono wa gauni, akauingiza mkono wangu mle mpaka bega likagusa mchanga. Chini kabisa palikuwa na maji, ya baridi, nayo yalikuwa yanatembea.

"Ngoja," alisema.

Nikangoja. Kitu kikanigusa kidole. Kikaacha. Kikagusa kingine. Halafu vikawa vingi, vyepesi kama nyuzi, vikipita katikati ya vidole, vikipanda kiganjani, kana kwamba mkono wangu unatambuliwa na watu wa gizani. Nilitaka kuuchomoa. Bibi alinishika kiwiko, si kwa nguvu.

"Wanapanda," alinong'ona.

Nilipoutoa, mkono ulikuwa na mchanga uliolowa, na mchanga ulikuwa unatembea. Ndani yake mlikuwa na vijidudu vyekundu kama uzi wa kushonea. Mlikuwa na vingine vyeupe kabisa, bila macho, ambavyo sidhani vilipata kuliona jua. Mlikuwa na kile kinachojishonea nguo ya punje za mchanga, kimejifunga ndani na kuanza tu kutoa kichwa. Mlikuwa na konokono mdogo kama mbegu ya mtama. Wakati sisi tunazika hata tusiowaona, hawa walikuwa wameshuka chini, wamengoja, na sasa walikuwa wanarudi nyumbani mmoja mmoja, bila kelele. Juu ya vichwa vyetu kereng'ende wa kwanza alikuwa ameshafika kutoka sijui wapi. Alikuwa akigusa na kuachia kwa mkia dimbwi dogo lililobaki nyuma ya jiwe, akitaga.

"Na kaa?" nikauliza.

"Kaa mwisho," Bibi alisema. "Kaa panda, maji kunywa." Kisha uso wake ukavunjika. Akagusa mahali katikati ya korongo, mbali kidogo, kwa macho tu. "Mimi nasema kaa chini! Kaa chini! Yeye kaa." Akachuchumaa kuonyesha alivyochuchumaa yule bwana, akabaki hivyo, akilia.

Jumapili banda lilijaa. Nilisimama nikaeleza yote: ule ubao, lile neno, mnyama kushuka kabla ya maji kufika. Nilieleza kwamba katika Kiswahili kizuri angesema "kaa yuko chini", na kwamba aliacha neno moja tu kwa sababu hatukuwa tumelifikia darasani.

"Neno moja!" kaka mkubwa alisema. "Ndugu Mwenyekiti, ndugu yangu amekufa kwa neno moja?"

"Ndiyo," baba alijibu kwa upole. "Ndivyo ilivyotokea."

"Basi atuonyeshe huyo kaa. Wiki nzima anasema yuko chini, yuko chini. Mimi nasema aliye chini si mnyama."

Mke wa aliyepotea alikuwa ameketi mbele, kanga nyeusi kichwani. Tangu msiba hakuwa amesema kitu hadharani. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Twendeni korongoni," alisema. "Nataka kumwona mwenyewe."

Mwenyekiti alimtazama baba, baba akainuka, na kikao kizima kikashuka ukingoni. Wengine walisimama juu hawakutaka kukanyaga mchanga ule. Bibi alipiga magoti nyuma ya jiwe, akaanza kuchimba. Alichimba kwa mikono kama tulivyochimba maji siku zote. Mchanga wa juu ulikuwa mweupe, wa chini mweusi, na ulitoa harufu ya kitu kilichofungiwa. Akasimama kidogo. Akapapasa. Akavuta.

Kilichotoka kilikuwa katambuga, la tairi, kamba yake imekatika.

Sikumbuki nani alipiga yowe. Nakumbuka watu wa ukingoni walirudi nyuma wote kwa pamoja kama majani yaliyopigwa na upepo, na kaka mkubwa akashuka akiwa amenyosha kidole. "Alijua! Mmeona? Alijua yuko wapi! Anakaa naye hapa kila siku!" Bibi alikuwa ameshika katambuga kwa mikono miwili, hana neno, si la Kiswahili wala la Kinyiramba. Nami nilijua kwamba yote niliyoeleza bandani kwa utaratibu yalikuwa yamefutika.

Mke wa aliyepotea akatembea mpaka pale. Akalichukua katambuga. Lilikuwa limejaa mchanga mpaka chini ya mikanda. Alitaka kuukung'uta, kisha akasita, kwa sababu mchanga ulisogea. Gando moja likatoka. Kisha la pili. Kaa akajivuta taratibu kutoka chini ya mkanda, gamba lake limepauka, mguu mmoja umekatika, akasimama juu ya unyayo wa tairi mahali ambapo kisigino cha mume wake kilikuwa kimepachimba kwa miaka. Alikuwa jike. Alipoinuka tuliona kwamba chini ya tumbo lake amebeba watoto, wadogo kama punje za ulezi, wengi, wazima, kila mmoja na magando yake.

Yule mama alimtazama kaa kwa muda mrefu. Mimi niliyekuwa karibu niliona anatafuta kitu katika uso wa yule mnyama, nami niliogopa kwamba atakipata. Kaka mkubwa alisema, sasa kwa sauti ndogo, "Shemeji, kitupe hicho."

Hakukitupa. Aliinama, akaliweka katambuga juu ya mchanga uliolowa, polepole, akamwacha kaa ashuke mwenyewe. Kaa alishuka akielekea dimbwini. Kisha yule mama akamgeukia kizee aliyepiga magoti, akasema, kwa sauti ile ile ya kuchezea ambayo mume wake alikuwa akiitumia njiani, ila ilikuwa imepasuka katikati:

"Bibi, kaa."

Bibi akaangalia dimbwini, alikokwenda mnyama. Akamwangalia tena yule mama. Hakujua ni lipi kati ya mawili.

"Kaa," mama alirudia, akaupapasa mchanga kando yake. "Hapa. Kwako. Kaa."

Ndipo Bibi akaketi, na yule mama akaketi ubavuni mwake na katambuga mapajani. Baada ya kitambo kaka mkubwa akashuka, akaketi upande wa pili wa shemeji yake na kujifunika uso. Mwenyekiti alivua kofia yake. Alisema kikao kimekwisha, na watu walianza kuondoka bila kuambiana kwaheri.

Jioni ile Bibi alichota maji ya kwanza, akapuliza vidudu pembeni, akanywa mbele yetu. Nasi tukachota. Miiba iliondolewa mlangoni pake, sikuona aliyeiondoa. Aliishi pale mpaka alipomaliza siku zake, na darasani kwangu alifika mpaka kusoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari.

Mwili wa yule bwana haukuonekana kamwe. Kwa miaka mingi mke wake alishuka korongoni kabla ya mvua, mchana, jua likiwaka, na mara moja nilimkuta. Alikuwa ameinama nyuma ya lile jiwe, kiganja kimelala juu ya mchanga.

"Kaa chini, baba," alikuwa akisema. "Kaa chini tu. Sisi tupo."

Mimi ni mwalimu, na masikio yangu yamezoea kusahihisha. Nilisimama na debe langu mpaka alipomaliza. Chini ya miguu yangu, pole pole, nilihisi ule mto mwingine unapita.